Kutoka Nyumba ya Utumishi hadi Kazi ya Mshahara

Watu wanaofahamu kwamba niliishi miaka mingi katika nyumba ya jumuiya ya kidini nikihudumu kwa kujitolea huniuliza kwanza habari za imani: je, niliipoteza, niliondoka kwa ugomvi, bado nasali? Sikuipoteza, sikugombana na mtu, na sala naendelea nazo. Kilichonitaabisha baada ya kutoka kilikuwa jambo la kidunia kabisa, na nadhani ndiyo maana hakuna aliyenitangulia kutoka aliyewahi kunionya juu yake. Nilijua kupika kwa ajili ya umati, kutunza bohari, kupanga zamu za watu wasiopenda kupangwa, na kumpokea mgeni aliyefika usiku bila taarifa. Lakini sikujua kazi hiyo ina thamani gani inapohesabiwa kwa fedha, wala sikuwa nimewahi kulazimika kulifikiria swali hilo.

Nyumba za namna hii ni nyingi na hazifanani. Uko udugu wa Taizé nchini Ufaransa, ulioanzishwa mwaka 1940, ambao huwapokea vijana wa kujitolea wanaokaa kwa majuma au miezi wakiwahudumia mahujaji. Ziko jumuiya za L'Arche, zilizoanza nchini humo mwaka 1964, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasaidizi wao huishi chini ya paa moja. Ziko nyumba za ukarimu za Catholic Worker, harakati ya Kikatoliki ya kuwahudumia maskini, zilizoanzia New York katika miaka ya 1930. Madhehebu mengine yana ofisi kuu, mitambo ya uchapaji, shule na vituo vya malezi vinavyoendeshwa na watu wanaoishi humo humo bila mshahara. Taratibu za kila nyumba ni zake, lakini mapatano ya msingi ni yaleyale: mtu hutoa muda wake, nyumba humpa malazi, chakula, matibabu na posho ndogo. Yetu ilikuwa hivyo. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa ninayoyasema hayaihusu yenyewe peke yake.

Mapatano hayo ni ya kale kuliko madhehebu mengi yanayoyafuata leo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya kimonaki ulioandikwa katika karne ya 6, inamkataza mmonaki katika sura ya 33 kumiliki kitu chochote, hata kitabu, kibao cha kuandikia au kalamu. Kisha katika sura ya 55 inamwagiza abate, yaani mkuu wa nyumba, ampe kila mmoja mahitaji yake, na inayataja moja baada ya jingine: mavazi, viatu, mshipi, kisu, kalamu, sindano, kitambaa cha mkono, vibao vya kuandikia. Sababu inayotolewa ni kwamba mtu asibaki na kisingizio cha kusema amepungukiwa. Sisi hatukuwa wamonaki na hatukuweka nadhiri. Tulitia saini ahadi ya muda, ikaisha, tukaiweka upya. Hata hivyo tuliishi kwa mantiki ileile. Sabuni ilipokwisha tulikwenda bohari. Kiatu kilipochanika tuliandika jina katika daftari. Nilipougua meno, mtu mwingine alijua daktari yuko wapi na analipwa na nani.

Sisemi hayo kwa kuyabeza. Mtu ambaye hajawahi kuishi bila kufikiria kodi ya nyumba hajui ni nguvu kiasi gani hubaki kwa ajili ya kazi na kwa ajili ya watu. Nilijifunza huko mambo ambayo nisingeyapata kwingine: kufanya kazi na mtu nisiyempenda mpaka kutompenda kukakosa nafasi, kunyamaza bila kuona haya, kusafisha mahali ambapo hakuna atakayepatazama. Nilianzia jikoni, nikapelekwa katika chumba cha kufulia, kisha bohari, na miaka ya mwisho niliratibu nyumba ya wageni. Sikuomba nafasi yoyote kati ya hizo, na sikuulizwa kama naiweza. Mambo mawili hayo, kutoomba na kutoulizwa, yalikuja kunigharimu baadaye, ingawa wakati ule niliyahesabu kuwa raha.

Sura nyingine ya Benedikto, ya 57, inahusu mafundi wa nyumba ya kimonaki. Inasema fundi na afanye ufundi wake kwa unyenyekevu, lakini akianza kujivuna kwa kuona kwamba ujuzi wake unaiingizia nyumba faida, aondolewe katika ufundi huo. Wasimamizi wetu sidhani kama walikuwa wameisoma, lakini waliifuata kwa uaminifu wa kushangaza. Mtu aliyekuwa hodari sana katika jambo fulani alihamishwa kwenda kuanza jingine. Ukisifiwa, uliirudisha sifa kwa Mungu au kwa kundi. Kusema tu “ahsante, nimejitahidi” kulionekana kama kuchukua kitu kisicho chako. Kwa roho huenda ni tiba nzuri. Kwa mtu atakayeketi siku moja mbele ya watu wanne wasiomjua na kuombwa aeleze anaweza nini, ni maandalizi mabaya.

Kuondoka kwangu hakukuwa na kisa. Ahadi yangu ilikaribia kwisha, wazazi wangu walikuwa wakizeeka na hakuna aliyekuwa akiwatunza kwa fedha, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuona kwamba naendelea kukaa kwa mazoea. Nilipomweleza msimamizi, mzee wa maneno machache, hakunishawishi nibaki. Aliniambia tu, “Usiondoke kimyakimya, mwanangu. Waache wenzako wakuage.” Nilikuja kuelewa baadaye uzito wa maneno hayo. Watawa wengi waliotoka katika mashirika yao kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, wamesimulia jinsi walivyoondolewa bila wenzao kujua, na waliobaki wakakuta kiti kitupu mezani na amri ya kutouliza. Aibu ya namna hiyo humfuata mtu mpaka kazini. Asiyeagwa hujiona mkimbizi, na mkimbizi hupokea malipo yoyote anayopewa.

Mimi niliagwa. Nilipewa pia fedha za kuanzia na barua. Ni vyema nieleze kwamba hiyo ilikuwa zawadi, si haki. Mashirika ya kidini kwa kawaida hayana deni kwa anayetoka, na Kanisa Katoliki limeliandika jambo hilo waziwazi kwa upande wa watawa wake: kanuni ya 702 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba anayetoka kihalali katika shirika, au anayeondolewa kihalali, hawezi kudai chochote kwa ajili ya kazi aliyoifanya humo. Aya ya pili ya kanuni hiyohiyo inalitaka shirika limtendee mtu huyo kwa haki na kwa upendo wa Injili. Nimewasikia watu wakiisoma aya ya kwanza kwa hasira na wengine wakiisoma ya pili kwa faraja. Mimi naona zote mbili zinasema kitu kimoja: kazi ile haikuwa mauzo, kwa hiyo haina bei. Tatizo ni kwamba mtu aliyeifanya anatoka na kuingia mahali ambapo kila kazi ina bei, na hakuna aliyemfundisha namna ya kuvuka.

Sasa nieleze habari ya wasifu wa kazi, maana hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza kuonekana. Wasifu wangu wa kwanza ulikuwa na ukurasa mmoja uliojaa maneno kama uaminifu, moyo wa kujitolea, uvumilivu na upendo kwa watu. Miaka yote ya utumishi niliiweka chini kabisa, katika sehemu ya kazi za kujitolea, karibu na mambo ninayopenda kufanya wakati wa mapumziko. Juu yake palibaki pengo lililoanzia siku nilipomaliza masomo. Mwanamke mmoja aliyekuwa ametoka katika nyumba yetu miaka kadhaa kabla yangu, na ambaye wakati huo alikuwa meneja katika hoteli, aliusoma mara moja akauweka mezani.

“Mdogo wangu,” alisema, “hapa umeandika tabia zako. Kazi zako ziko wapi?”

Nilimwambia kwamba sikuwa na kazi, nilikuwa nahudumu. Hakubishana nami. Aliniuliza tu maswali, moja baada ya jingine, na kila jibu aliliandika. Wageni wangapi walilala pale kwa mwezi wenye shughuli nyingi? Nani aliagiza vyakula, na kwa bajeti ya nani? Kitabu cha bohari kilifungwa kila baada ya muda gani, na kikikaguliwa kilikutwaje? Ulikuwa ukiwapangia zamu watu wangapi? Mashine ya kufulia ilipoharibika, nani alimtafuta fundi na nani alikubaliana naye malipo? Jioni ile ilipokwisha, miaka yangu ilikuwa imepanda kutoka chini ya ukurasa hadi juu, na ilikuwa imejaa tarakimu. Hakukuwa na neno moja la uongo. Hata hivyo nilijisikia kama mtu anayeuza vyombo vya ibada.

Hisia hiyo naitaja kwa sababu nimeiona kwa kila mtu niliyezungumza naye aliyetoka katika maisha kama yale, awe wa dhehebu langu au la jingine. Haitokani na kutojua. Inatokana na kujua vizuri sana kitu kingine. Kwa miaka tumefundishwa kwamba kazi inayohesabiwa imekwisha kupokea thawabu yake, na mara tunaambiwa tuihesabu hadharani, mbele ya meneja, kwa makusudi ya kupata fedha. Yeyote anayemsaidia mtu wa namna hii asimcheke wala asimwambie tu “jiamini”. Amuulize maswali, kama alivyofanya yule dada yangu, kwa kuwa swali linalohitaji jibu la kweli humwondolea mtu mzigo wa kujisifu.

Likaja swali la mshahara. Dada yule alikuwa amekwisha kunionya kwamba litakuja, tena mwishoni, wakati mtu amechoka na anataka kupendeza. Alinituma nikawaulize watu wanaofanya kazi ya aina ileile wanalipwaje, nikayasome matangazo ya kazi yanayotaja viwango, kisha nikaandike gharama zangu za mwezi pamoja na za wazazi wangu. Hesabu hiyo ya mwisho ilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa sikujua bei za vitu. Sikujua sabuni inagharimu nini, mimi niliyekuwa nikiigawa sabuni kwa katoni. Nilipokusanya yote hayo nikapata kiwango, na nilipokitazama kilinitisha. Nilitaka kukipunguza.

Hapo naomba nirudi kwa Benedikto, maana sura yake ya 57 ina agizo jingine ambalo nimelitafakari sana. Anasema kwamba kazi za mafundi wa nyumba zinapouzwa, ubaya wa tamaa usiingie katika bei. Ziuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko wanavyouza watu wa kawaida, ili katika yote Mungu atukuzwe. Ni agizo zuri, na watu wengi waliolelewa katika nyumba za kidini wanaliishi bila kujua limetoka wapi: hujitajia kiwango cha chini na kujisikia safi. Lakini fundi wa Benedikto alikuwa na nyumba nyuma yake. Alipopunguza bei, chakula chake cha jioni hakikupungua, na uzee wake haukuwa mashakani. Aliyetoka hana nyumba hiyo. Anapojipunguzia anakula akiba ambayo bado hajaiweka, na pia anakula ya wazazi au watoto wanaomtegemea. Unyenyekevu uleule, ukihamishwa mahali, unabadilika kuwa kitu kingine, na anayelipia ni mtu asiyekuwapo chumbani.

Mtume Paulo ananisaidia zaidi katika jambo hili. Kitabu cha Matendo, sura ya 18, kinamtaja kuwa fundi wa kushona mahema aliyefanya kazi Korintho pamoja na Akila na Prisila, na watu wengi hukumbuka hapo tu: kwamba alijitegemea na hakutaka kumlemea mtu. Wanasahau sura ya 9 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Humo anatumia aya nyingi kuthibitisha kwamba anayo haki ya kulipwa: anataja askari, mkulima wa mizabibu, mchunga kundi, ng'ombe apuraye nafaka, na makuhani wa hekalu. Akiisha kuithibitisha haki hiyo ndipo anaposema hakuitumia. Mpangilio huo si wa bahati. Paulo hawezi kuiacha haki ambayo hajaitambua kuwa yake. Angeanza kwa kuikana, kusingekuwa na alichokitoa. Nilikitaja kiwango changu katika usaili uliofuata, sauti ikitetemeka kidogo, na wakakijadili kama wanavyojadili jambo la kawaida. Walikipunguza kidogo. Hakuna aliyeniona mwenye tamaa.

Kazi niliyoipata ilikuwa ya usimamizi wa vifaa katika taasisi ya ukubwa wa kati. Kazi yenyewe niliimudu. Bohari ni bohari. Kilichokuwa kigeni ni mipaka yake. Katika nyumba ya utumishi siku ya kazi huishia pale ambapo shida imekwisha, na shida haikwishi, kwa hiyo mtu huishia kengele ya sala inapolia. Kazini hakuna kengele ya sala. Nilikuwa nikibaki baada ya saa za kazi, nikibeba majukumu ya wasiokuwapo, nikija siku ya mapumziko kupanga rafu. Msimamizi wangu alifurahi, na sikuona ubaya wowote mpaka mwenzangu mmoja wa makamo, aliyefanya kazi pale tangu zamani, aliponiita kando.

“Wewe ni mtu mwema,” aliniambia, “kwa hiyo nakwambia wazi. Ukifanya kazi ya watu wawili bila kusema, mwakani watamwondoa mmoja wetu. Na hawatakuondoa wewe.”

Katika mafundisho yote niliyoyasikia juu ya utumishi, sikuwahi kuelezwa kwamba ukarimu wangu unaweza kulipiwa na jirani yangu. Kule katika nyumba ya utumishi saa ya ziada niliyoitoa iliwapunguzia wenzangu mzigo. Hapa saa hiyohiyo ilikuwa inapunguza nafasi zao. Kitendo ni kimoja, nia ni ileile, matokeo yamegeuka, kwa sababu nyumba ile haikuwa na mwenye kupata faida na taasisi hii anaye. Toka siku hiyo nilianza kuandika saa zangu za ziada na kuzidai, jambo ambalo mwanzoni lilinigharimu juhudi kubwa kuliko kuzifanya. Nilipotaka kutoa, nilitoa kwa mtu: nilimshikia mwenzangu zamu mtoto wake alipolazwa, na yeye na mimi tulijua kwamba nimetoa.

Mabaki ya maisha ya zamani yalinitoka polepole, na mengine hayajatoka. Mwanasosholojia wa Marekani Helen Rose Fuchs Ebaugh, aliyekuwa mtawa kabla ya kutoka, aliwahoji watu 185 walioacha nafasi mbalimbali za maisha, wakiwamo watawa, madaktari, watu waliotalikiana na waliomaliza vifungo, na mwaka 1988 akachapisha aliyoyaona. Anaeleza kwamba aliyetoka haingii katika nafasi mpya akiwa mtupu. Kuwa “aliyekuwa fulani” ni nafasi yenyewe, na jamii humtazama kwa yale aliyoyaacha. Nakubaliana naye. Kwa muda mrefu niliomba ruhusa ya kutoka ofisini kwenda kula, na wenzangu walidhani natania. Niliamka alfajiri nikiwa na hakika kwamba nimechelewa. Dukani nilisimama mbele ya rafu yenye aina nyingi za kitu kimoja, nikaondoka bila kununua, kwa kuwa sikuwa na sababu ya kupendelea kimoja. Chakula cha jioni cha mtu mmoja kilikuwa kigumu kuliko yote. Nilipika kingi kupita kiasi, kwa mkono uliozoea masufuria makubwa, kisha nikakila kwa siku kadhaa nikisikiliza redio ya jirani.

Mshahara wa kwanza ulinifundisha kitu juu ya ufukara wetu. Nilikuwa nimeamini, na nilikuwa nimewaambia wageni wetu wengi, kwamba sisi tunaishi kama maskini. Nilipolipa kodi, nikatuma cha wazazi, nikahesabu nauli ya mwezi, nilielewa kwamba nimesema jambo lisilo sahihi kwa watu ambao baadhi yao walikuwa maskini kweli, na walinisikiliza kwa adabu. Ufukara wetu ulikuwa na bima. Hatukuwa na fedha mfukoni, lakini hakuna aliyeweza kutufukuza kwa kuchelewesha kodi. Maskini wa kawaida huhesabu. Ndiyo kazi yake ya pili, na haina likizo. Kuyasema haya si kuubatilisha ufukara wa hiari, ambao bado nauheshimu, ila nadhani wanaouishi wangefaidika kuwasikiliza zaidi wale wasiouchagua.

Suala la uzeeni lilinijia nikiwa nimechelewa kidogo, kama linavyowajia wengi. Mifuko ya hifadhi ya jamii katika nchi nyingi hujengwa juu ya michango inayotokana na mshahara, na posho ya kujitolea mara nyingi haikatwi chochote. Miaka ya utumishi basi inakuwa miaka isiyokuwapo katika kumbukumbu za mfuko. Jambo hili linajulikana. Nchini Marekani, kwa mfano, marekebisho ya sheria ya mwaka 1972 yaliyaruhusu mashirika ya watawa wenye nadhiri ya ufukara kuchagua kuwaingiza katika hifadhi ya jamii, kwa kuwa watawa walikuwa wakizeeka na mashirika hayakuwa na cha kuwatunzia. Mtu wa kujitolea asiye na nadhiri huanguka katikati: si mfanyakazi, wala si mtawa ambaye shirika limejifunga kumzika. Ninachomwambia anayetoka ni aende kwenye mfuko wa nchi yake katika majuma ya kwanza, si miaka ya baadaye, akaulize kama uchangiaji wa hiari unaruhusiwa na kwa masharti gani. Mimi naendelea kuziba pengo hilo, na ni zito.

Uhusiano wangu na nyumba ile umebaki mwema. Benedikto, katika sura ya 29, anaruhusu aliyetoka kwa kosa lake mwenyewe apokelewe tena hadi mara ya tatu, na apewe nafasi ya mwisho mezani ili unyenyekevu wake upimwe. Mimi sikutoka kwa kosa na sijaomba kurudi, lakini naenda pale likizo zinaponiruhusu, nakaa mezani popote penye nafasi, naosha vyombo na wengine. Nimegundua kwamba naosha kwa moyo mwepesi zaidi kuliko zamani. Nadhani ni kwa sababu sasa najua saa ile ingelipwa kiasi gani mahali pengine.

Msimamizi wa sasa, kijana kuliko mimi, ameniomba nizungumze na kila anayekaribia kumaliza ahadi yake bila kuiweka upya. Nilikubali, nikamwekea maombi matatu. La kwanza, mazungumzo hayo yaanze miezi kadhaa kabla ya mtu kuondoka, si wiki ya mwisho ambapo kila mtu analia na kufunga mizigo. La pili, barua ya nyumba ieleze majukumu, vipindi na idadi ya watu aliowahudumia, na sifa za tabia zibaki katika mstari mmoja. Hayo mawili yalipita bila ubishi, na barua za sasa ni nzuri. Nimeziona zikisomwa na waajiri. La tatu ni kwamba nyumba imlipie kila anayekaa zaidi ya mwaka mchango wa hiari katika mfuko wa hifadhi ya jamii, hata kama ni wa kiwango cha chini kabisa. Hilo halijapita. Mweka hazina anasema kwamba tukianza kulipa michango tumeanza kuwa waajiri, na tukiwa waajiri tumekuwa kitu kingine. Hoja yake si ya kipuuzi, na nimemwambia hivyo. Nimemwambia pia kwamba nyumba inalipia matibabu ya meno bila kuogopa kugeuka hospitali. Baraza la nyumba litalijadili tena, na nimeombwa nilete hesabu kwa maandishi.